Ukuta Hauna Roho?



Juzi, baada ya Misa, kijana mmoja wa shule alinifuata barazani. Alikuwa ameona mafundi wakibomoa nyumba ya matofali ya zamani ili pajengwe duka jipya, na wazee wawili wamesimama kando wakisikitika. Akaniuliza: «Baba, kuna faida gani kulilia ukuta kuukuu? Ukuta hauna roho.»

Sikumjibu upesi, kwa maana swali lake si la kipumbavu. Katika mji mmoja mkubwa wa Ulaya, watu wenye elimu nyingi walijiuliza neno lilo hilo, wakalijibu kwa nyundo, na baadaye wakajuta. Mji huo ni Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, ambao habari zake zimefungamana na habari za nchi yetu ya Kongo. Leo basi natutembee huko kidogo, kisha turudi kwetu tumjibu kijana.

Katikati ya Brussels pana uwanja uitwao Grand-Place. Upande mmoja lasimama Jumba la Mji lenye mnara wa mita 96, na juu kabisa ya mnara ipo sanamu ya Mtakatifu Mikaeli, msimamizi wa mji, akimkanyaga shetani. Kuuzunguka uwanja zimepangwa nyumba ndefu nyembamba za vyama vya kale vya kazi: waoka mikate, watengenezaji wa pombe, wachinjaji, mabaharia wa mitoni. Mgeni hudhani kwamba zimesimama hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Katika mwezi wa Agosti 1695, askari wa Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, waliupiga mji kwa mizinga, na nyumba zipatazo 4000 zikaangamia. Mnara ulibaki umesimama katikati ya majivu. Watu wa Brussels hawakuketi kulia tu. Kila chama kilijenga tena nyumba yake, na baada ya miaka mitano hivi uwanja ulikuwa umerudishiwa uzuri wake.

Lakini kujenga ni jambo moja, na kutunza ni jambo jingine. Miaka karibu 200 ilipopita, nyumba zile zilikuwa zimechakaa, na wengine walikwisha kuondoa mapambo yake kwa kuogopa gharama. Ndipo alipotokea Charles Buls, aliyekuwa meya wa Brussels toka 1881 hata 1899. Huyu alipatana na wenye nyumba: mji utagharimia matengenezo ya kuta za mbele, nao wenyewe hawatazibadili kwa kupenda kwao. Bwana Buls alifika hata Kongo, mwaka 1898, wakati ilipofunguliwa reli ya Matadi hata Léopoldville. Kwa sababu ya mapatano yale, Grand-Place iko mpaka leo, na mwaka 1998 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa sikilizeni habari ya huzuni. Katika mji wa Gent, mwaka 1861, fundi wa viatu alizaa mtoto jina lake Victor Horta. Mtoto huyo alikuwa msanifu mkuu wa majengo. Mwaka 1893 alimaliza katika Brussels nyumba ya bwana Tassel, na watu wakashangaa. Chuma, ambacho wengine walikificha ndani ya ukuta kama kitu cha aibu, yeye alikionyesha wazi, akakikunja kama mitambaazi ya mwituni. Katikati ya nyumba aliacha nafasi na kuifunika kwa vioo, hata jua likashuka mpaka vyumba vya chini.

Baadaye chama cha wafanyakazi kilimwomba awajengee Nyumba ya Watu. Ilifunguliwa mwaka 1899. Wafanyakazi wa siku zile walilala katika vyumba vyenye giza na unyevu. Horta aliwajengea jumba ambalo kuta zake zilikuwa karibu zote chuma na kioo, na juu kabisa akaweka ukumbi mkubwa wa mikutano. Alitaka maskini wapate utajiri ambao hawakuwa nao nyumbani, ndio hewa na mwanga. Haikuwa nyumba ya Kanisa, wala mafundisho yaliyotolewa humo hayakuwapendeza wakristu wote. Lakini anayependa haki atakiri kwamba kuwajengea watu wa mikono migumu nyumba nzuri kama ya matajiri ni tendo la heshima.

Horta alikufa mwaka 1947. Watu walikuwa wamechoka na mtindo wake, wakauita wa kizamani. Jumba lilihitaji matengenezo, na kiwanja chake kilikuwa cha bei kubwa. Mamia ya wasanifu wa nchi mbalimbali walisihi lisibomolewe. Haikufaa kitu. Mwaka 1965 nyundo zilianza kazi, na mahali pake ukainuka mnara wa ofisi wenye orofa 26.

Waliobomoa walitoa ahadi: vipande vya chuma vitawekwa akiba, na siku moja nyumba itasimamishwa tena mahali pengine. Haikusimamishwa kamwe. Vipande viliachwa uwanjani vikashika kutu, vingine vikaibwa, vingine vikauzwa kama vyuma vibovu. Vichache vilivyosalia vinaonekana katika mkahawa mmoja wa mji wa Antwerp, na katika kituo cha reli ya chini ya ardhi, hapo Brussels penyewe, kinachoitwa kwa jina la Horta. Wasafiri hupita mbele yake mbiombio, na wengi hawajui kwamba wanapita kando ya mifupa ya jumba.

Miaka ile Brussels ulibomoa mengi, hata wataalamu wa miji wakatunga neno la Kifaransa, «bruxellisation», kwa maana ya kuuharibu mji wa kale na kupachika majumba ya ofisi pasipo mpango. Ni aibu kubwa, jina la mji kugeuka kuwa jina la kosa.

Lakini palikuwa na watu waliokataa. Karibu na mahali pale upo mtaa wa maskini uitwao Marolles. Juu yake lasimama Jumba la Mahakama, jengo kubwa ajabu lililojengwa toka 1866 hata 1883. Ili kupata nafasi yake, familia nyingi zilifukuzwa katika nyumba zao. Kwa uchungu wakaazi wa Marolles wakaanza kumwita mtu wanayetaka kumtukana «skieven architek», yaani msanifu wa kombo. Na tusi hilo halikusahauliwa. Basi, mwaka 1969, serikali ilitaka kubomoa tena sehemu ya mtaa ili kuongeza majengo ya mahakama. Safari hii watu hawakukubali. Pamoja nao alisimama padri wao, Jacques Van der Biest. Walifanya mikutano, wakaandika, wakapiga kelele njiani, na serikali ikaacha shauri lake. Kwa furaha wakafanya mazishi ya mchezo, wakamzika «Tajiri Mjenzi» pamoja na mkewe mwaminifu «Urasimu», na jiwe la kaburi hilo wakaliweka katika mtaa.

Angalieni vema, wasomaji. Nyumba za Marolles hazikuwa na dhahabu, wala hazikuchorwa na msanifu mashuhuri. Zilikuwa nyumba za wafua nguo, wachuuzi na wajane. Lakini mtaa ni majirani wanaojuana, duka linalokopesha, kanisa ambapo mtoto alibatizwa. Ukiwahamisha watu wale katika orofa ya kumi mbali na mji, unawapa chumba, na kuwanyang'anya ujirani. Hivyo kutunza mji wa kale si kazi ya kupendeza macho ya wageni tu. Mara nyingi ni kumtetea maskini asiondolewe mahali pake.

Na nyumba iliyookolewa yafaa ipewe kazi, kwa maana nyumba isiyokaliwa hufa upesi. Horta alijenga pia, mwaka 1906, duka kubwa la vitambaa la bwana Waucquez. Biashara ilipokufa, duka likaachwa ukiwa. Mwaka 1975 liliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, likatengenezwa, na tangu 1989 limekuwa nyumba ya kuonyesha hadithi za picha, kama zile za Tintin ambazo vijana wetu wanazijua. Nyumba ambamo Horta mwenyewe alikaa imekuwa makumbusho tangu 1969.

Sasa nafika penye neno linalotugusa sisi. Mwaka 2000, UNESCO iliandika katika urithi wa dunia nyumba nne za Horta. Moja ni ile ya Edmond van Eetvelde. Ukiingia, utaona nguzo nyembamba za chuma zikipanda kama mashina, na juu yake kuba ya vioo vya rangi. Ni nzuri mno. Lakini van Eetvelde alikuwa nani? Alikuwa katibu mkuu wa Dola Huru ya Kongo, ile ya mfalme Leopold II. Mbao nyingine za nyumba yake zilitoka katika misitu yetu. Na katika miaka ile ile jumba lilipokuwa likipambwa, wazee wetu walilazimishwa kutafuta mpira porini, na walioleta kidogo walipigwa, wengine wakauawa.

Je, nyumba hiyo ibomolewe? Nadhani hapana. Ikibomolewa, anayefurahi ni yule anayetaka watu wasahau. Na isimame, lakini isimame na kusema kweli yote: jina la msanifu, jina la mwenye nyumba, na pia habari ya mikono iliyolipa gharama bila kuulizwa. Kutunza jengo na kuficha habari yake ni kutunza nusu tu.

Nje ya mji wa Brussels, huko Tervuren, yapo makaburi saba kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane. Mwaka 1897 yalifanyika huko maonyesho ya Kongo, na Wakongo 267 waliletwa wapate kutazamwa. Saba kati yao walifariki: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Hawa hawakujengewa jumba. Lakini mawe yao yapo, na majina yasomeka. Kama mawe hayo yangetupwa, nani leo angewaombea kwa majina yao?

Basi nirudi kwa kijana wangu. Nilimwambia hivi: Mwanangu, si kila ukuta wa zamani yafaa kuutunza. Ukuta unaotaka kuwaangukia watoto, na uangushwe. Baba mwenye watoto wanane akitaka kupanua nyumba yake, tusimzuie kwa ajili ya kumbukumbu. Lakini kabla ya kubomoa, uliza maswali matatu. Nani alijenga? Nani aliishi humo? Na je, haiwezi kutengenezwa na kupewa kazi nyingine? Watu wa Brussels hawakuuliza sana mwaka 1965, wakapata ofisi, wakapoteza kitu ambacho fedha zote za Ubelgiji haziwezi kukirudisha. Usitupe mbachao kwa msala upitao.

Na katika miji yetu na misioni zetu kazi iko. Ninyi wanafunzi, nendeni kwa wazee wangali hai, mkaulize ni nani waliochoma matofali ya kanisa lenu la kwanza, walichimba udongo wapi, mbao zilipasuliwa na nani, na kama walilipwa. Andikeni majina katika daftari, pamoja na mwaka. Nanyi wazazi, panda darini kabla ya mvua, mbadilishe bati moja lililotoboka, kwa maana maji ya mwaka mmoja huozesha mbao za miaka mingi. Na kama nyumba haina budi kuanguka, ipigeni picha kwanza, ndani na nje, na picha hizo zihifadhiwe parokiani au shuleni.

Kijana alisikiliza, kisha akasema: «Baba, ile nyumba waliyobomoa juzi, sijui ilijengwa na nani.» Nikamwambia ukweli: hata mimi sijui. Tukatazama kule wale wazee wawili walikokuwa wamesimama. Walikuwa wamekwisha kwenda. Lakini mmoja wao anakaa karibu na soko, na kijana aliniahidi kwamba Jumapili ijayo atakwenda kumwuliza, akichukua daftari.