Jioni ya Msichana Inaporwa

Katiba ya mwaka wa 2010 ilimhakikishia kila mtoto wa Kenya elimu ya msingi bila malipo. Sheria ya 2017 nayo iliitwika serikali jukumu la kuwapa wasichana wa shule za umma sodo. Hayo ni ya kushukuriwa. Hata hivyo, sheria hizi hazijafika jikoni.

Kengele ya jioni ikilia, mvulana na msichana hutoka darasa moja wakiwa na zoezi moja la hesabu. Wafikapo nyumbani, msichana huteka maji, akapika, akaosha vyombo na kumbembeleza mdogo wake. Ndugu yake hucheza mpira, kisha akafungua kitabu. Asubuhi hupimwa kwa mizani moja, na msichana akishindwa, huambiwa kwamba hesabu si somo la wanawake!

Marehemu Wangari Maathai alipelekwa shuleni baada ya kaka yake kumuuliza mama yao kwa nini binti huyo hasomi kama wao. Mwaka wa 1971 alipata shahada ya uzamifu, na 2004 Tuzo ya Nobel ya Amani. Mlango huo ulifunguliwa na swali la mvulana.

Enyi wanafunzi wa kiume, ulizeni swali kama hilo leo jioni, kisha mshike ufagio. Nanyi walimu, msiwatume wasichana pekee kuosha vikombe vyenu vya chai. Samaki mkunje angali mbichi.