Somo la Pili la Mwanaisimu: Hoja ya Sayansi ya Kompyuta

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayesoma Kiswahili kama somo kuu kwa kawaida huelekezwa kwenye historia au jiografia kuwa somo la pili. Sayansi ya kompyuta huachiwa watu wa hisabati. Mazoea hayo yafaa kuhojiwa, na sababu ya kuyahoji imo katika lugha yenyewe.

Lichukuliwe neno atakata. Umbo hilo lina uchanganuzi wa namna mbili: a-ta-kat-a, yaani wakati ujao wa kitenzi kata, na a-a-takat-a, wakati uliopo wa kitenzi takata, ambamo irabu mbili zimeungana. Msemaji huamua kwa muktadha. Mashine hutegemea kanuni iliyoandikiwa au mifano iliyopewa, na pengo ambalo darasani hufunikwa kwa "na kadhalika" huko hudhihirika mara moja. Kwa hiyo kuandika programu ni njia ya kuipima nadharia ya sarufi.

Njia hiyo imekwisha kupitiwa. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa modeli ya mofolojia ya ngazi mbili, inayohusisha umbo la ndani la neno na umbo lake la nje. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen, wa chuo hicho hicho, alichapisha uchanganuzi wa Kiswahili uliojengwa juu ya modeli hiyo. Kiswahili kilichanganuliwa hivyo Ufini kwa kuwa huko isimu na kompyuta zilikuwa zimekwisha kukutana.

Itasemwa kwamba mifumo ya leo hujifunza lugha kutokana na wingi wa matini, bila kuandikiwa kanuni. Hata hivyo, lazima awepo mtu wa kuamua matini zipi zitumike, lahaja zipi ziingizwe, na kosa lipi ni kosa. Mtaalamu wa programu asiyezijua ngeli hataliona kosa. Mwanaisimu asiyeujua mfumo hatajua limetoka wapi.

Pingamizi lenye uzito ni la maandalizi: wanafunzi wengi wa Kiswahili waliiacha hisabati katika kidato cha nne. Basi somo hilo la pili litungwe kwa ajili yao, lianzie kwenye mantiki, liendelee na uandishi wa programu, takwimu na uchakataji wa matini. Jukumu la kulitunga ni la idara za Kiswahili zenyewe. Zikilikwepa, sarufi ya Kiswahili ndani ya mashine itaamuliwa na wasiokisema.