NANI ANALIPA POLISI WA MJI WETU?

Wandugu wafanyakazi wa migodi, wandugu wakaaji wa mji,

Tunajua neno hili halitawapendeza wote. Wengi wenu mkisikia gazeti la chama linasema juu ya mshahara wa polisi mtauliza: Polisi ni nani kwetu? Si yeye anayetusimamisha njiani usiku tukitoka kazini? Si yeye anayemnyang'anya mama mfuko wake wa makala sokoni? Mwacheni na njaa yake!

Sisi tunajibu: hapana, wandugu. Njaa ya polisi haikai nyumbani kwa polisi. Asubuhi inatoka pamoja naye, inavaa kofia, inasimama penye barabara kuu, na ikifika jioni ni sisi tumeilipa. Tunamlipa polisi mara mbili: mara ya kwanza kwa kodi, mara ya pili kwa mkono. Basi tunataka jambo hili lisemwe katika baraza za komini, milango ikiwa wazi, raia wakisikiliza. Na kwa sababu kuna watu watakaosema kwamba hilo si kazi ya baraza ya mji, tutawaeleza tulikotoka.

Wazee wetu waliona mwezi wa Desemba 1941. Vita ya Ulaya ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu, na shaba ya Katanga ilitakiwa kwa wingi, lakini mshahara wa mtu wa Union Minière haukutosha kulisha watoto. Wakaacha kazi. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika katika kiwanja cha mpira pale Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakingoja jibu. Jibu lilikuwa risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba yao, aliuawa, na wenzake wengi pamoja naye. Nani alivuta bunduki? Amri ilitoka kwa Mzungu, lakini kidole kilikuwa cha askari mweusi wa Force Publique, mtu mwenye mshahara mdogo, ambaye hakuwa na mahali pa kulalamika. Na mnajua mwisho wa mtu asiye na mahali pa kulalamika: mwezi wa Februari 1944 askari wa Luluabourg waliasi wao wenyewe.

Ikaja siku ya kura. Kwa amri ya mwezi wa Machi 1957 Wabelgiji walikubali miji iwe na baraza, na Desemba ya mwaka ule wanaume wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville wakapiga kura. Tukapata maburugumesta weusi, wakubwa wa komini zetu. Furaha ilikuwa kubwa, nasi hatuwacheki waliofurahi. Lakini tazameni namna nyumba ile ilivyojengwa. Juu ya maburugumesta waliochaguliwa akawekwa burugumesta wa kwanza, mtu wa serikali ya kikoloni, na polisi wa mji walikuwa chini yake. Aliyechaguliwa alipewa skafu, ofisi na vitabu vya ndoa. Asiyechaguliwa alibaki na filimbi na bunduki.

Tarehe 4 Januari 1959 kule Léopoldville jambo lile lilionekana mchana kweupe. Mkutano wa Abako haukupata ruhusa ya burugumesta wa kwanza, watu wakakasirika, na serikali yenyewe ikahesabu maiti 49. Kasa-Vubu alikuwa burugumesta wa Dendale, amechaguliwa kwa kura. Je, aliweza kuwaamuru polisi washushe bunduki? Hakuweza. Yeye mwenyewe alikamatwa.

Na hapa Katanga tulifanya nini na kura yetu? Tuliacha kuuliza nani anaamuru polisi, tukaanza kuuliza nani amezaliwa wapi. Kwa kuwa viti vingi vya maburugumesta wa Élisabethville viliangukia watu waliotoka nje ya Katanga, kelele ya wenyeji na wageni ikajaa mji, na mwaka 1958 Conakat ikazaliwa katika kelele ile. Bwana burugumesta wa kwanza alikaa kimya ofisini. Hakuwa na haja ya kusema kitu.

Sasa tufike Julai 1960, mwezi ambao hakuna Mkongomani anayeweza kuusahau. Uhuru ulikuwa na siku tano tu. Wabunge wapya walijipangia mshahara wa faranga 500,000 kwa mwaka. Mawaziri walipita katika magari marefu. Askari alisimama juani akiwapigia saluti, mshahara wake ule ule, bila ofisa hata mmoja mweusi juu yake. Jenerali Janssens akawakusanya, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Siku ile ile ya tarehe 5 maasi yakaanza. Kesho yake Lumumba akawapandisha askari wote cheo kimoja, na tarehe 8 jeshi likapewa mkubwa Mkongomani, Victor Lundula, aliyekuwa burugumesta huku kwetu Jadotville, Likasi ya leo. Chaguo lilikuwa zuri: mtu aliyejua uaskari na aliyejua komini. Lakini neno lililopaswa kusemwa mezani mwezi wa Mei lilisemwa Julai, tayari likiwa na bunduki mkononi. Tarehe 9 moto ukafika kambi Massart, hapa Élisabethville. Tarehe 11 Tshombe akatangaza kuitenga Katanga.

Tusidhani ujinga huu ni wa Afrika peke yake. Mji tajiri wa Boston, kule Marekani, uliuonja mwaka 1919. Mshahara wa polisi ulitoka katika mfuko wa mji, lakini mkubwa wao, Edwin Curtis, aliwekwa na gavana wa jimbo. Walifanya kazi saa zaidi ya 70 kwa juma, wakinunua sare kwa fedha yao. Walipoingia sendika, Curtis akawasimamisha viongozi 19. Meya Andrew Peters aliweka kamati ya kutafuta mapatano, nayo ikayapata: polisi waiache sendika kubwa ya inchi, wabaki na chama chao wenyewe, na wasiadhibiwe. Meya akakubali. Curtis akakataa, na meya hakuwa na nguvu ya kumlazimisha. Tarehe 9 Septemba mapolisi 1,117 kati ya 1,544 wakaacha kazi. Maduka yakavunjwa, askari wa jimbo wakaingia, watu tisa wakafa. Gavana Calvin Coolidge alipata sifa hata akawa rais wa Marekani mwaka 1923. Na wale waliogoma hawakurudishwa kamwe, lakini mapolisi wapya waliochukua nafasi zao walipewa dola 1,400 kwa mwaka na sare ya bure. Yaani fedha ilikuwapo!

Basi, sisi leo. Katiba ya mwaka 2006 na sheria ya mwaka 2008 zimeyapa miji na komini baraza zake. Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura kuchagua washauri wa komini, lakini katika miji mikuu ya majimbo tu: Lubumbashi na Kolwezi walichagua, Likasi ya Lundula ikaambiwa ingoje. Polisi ni wa taifa, na mshahara wake unatoka Kinshasa. Tangu mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa watu wake kwa benki, na hiyo ni hatua ya kweli, sababu zamani gunia la fedha lilipita mikono ya wakubwa kwanza na kila mkono ulikuwa na vidole vyake. Mwezi wa Machi 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka, serikali ilitangaza kwamba mshahara wa askari na polisi utakuwa mara mbili. Tunasema: vema. Lakini angalieni tena kalenda. Ni Julai 1960 ile ile: fedha inapatikana wakati nyumba inawaka.

Washauri wetu wanatuambia: «Mshahara wa polisi si mamlaka yetu.» Ni kweli, baraza ya komini haiwezi kuandika mshahara wa mtu wa taifa. Lakini nani amewakataza kuuliza? Wakati wa kupanga ushuru wa soko wanakaa kutwa nzima, na tunasikia kila meza ya nyanya ikihesabiwa. Wapange pia siku moja ya kumwita kamanda wa komini aje aseme mbele ya watu: mapolisi ni wangapi kwa kweli, wangapi wamepata mshahara wa mwezi uliopita, wangapi jina lao limekwama karibu na benki. Waulize yule anayesimama barabarani anapeleka kiasi gani kwa mkubwa wake kila jioni, na kwa sheria gani. Na yako mambo ambayo komini yenyewe yaweza kufanya bila kungoja Kinshasa: maji katika kambi ya polisi, mabati ya nyumba zinazovuja, kiti cha shule kwa watoto wao. Polisi ambaye paa lake limetengenezwa na watu wa Katuba atafikiri mara mbili kabla ya kumpiga mtu wa Katuba.

Kwa ninyi wa migodi tuna neno la pembeni. Ninyi mna delege wa sendika; mkipunguziwa saa, yuko mtu wa kupanda ofisini kwa kampani. Polisi hana. Hatutaki agome, sababu mji usiku bila polisi ni mji wa wenye visu, Boston iliona. Tunataka awe na mtu wa kumsemea, na mtu huyo awe mshauri mliyemchagua ninyi. Najua, siku ya mgomo polisi yuyo huyo ataletwa mbele ya lango la mgodi. Ndiyo sababu tunaandika leo, kabla ya siku ile.

Baraza itakapokutana tena, watu wa chama watakaa viti vya nyuma. Hatutapiga kelele. Tutawaandikia washauri barua yenye maswali matatu: mapolisi wangapi, wamelipwa kiasi gani, na amri ya kupiga risasi katika mji huu inatoka kwa nani. Majibu tutayachapa katika ukurasa huu huu. Kama hakuna jibu, tutachapa majina ya walioitwa, na nafasi iliyobaki tutaiacha nyeupe.