Lebo Haijielezi Yenyewe

Tangu XML ilipopitishwa na W3C mwezi Februari 1998, wauzaji wengi wa programu wamerudia madai mawili: kwamba data iliyofungwa ndani ya lebo hujieleza yenyewe, na kwamba kanzidata za majedwali zimepitwa na wakati. Madai yote mawili hayasimami.

Tuanze na la kwanza. Lebo iliyoandikwa "msimamizi" haiiambii kompyuta chochote. Ni msimamizi wa ubatizo, wa ndoa, au wa shamba la parokia? Maana hutoka kwa watu waliokubaliana juu ya neno hilo. Aristotle alifundisha kwamba maneno hupata maana kwa makubaliano, na Mtakatifu Augustino, katika De Magistro, alionyesha kuwa ishara peke yake haimfundishi mtu asiyekijua kitu chenyewe. Lebo ni ishara tu.

Dai la pili lina madhara zaidi. XML hupanga data kama mti: kila tawi hutoka kwenye tawi moja tu. Sasa, ndoa tuiandike chini ya familia ya bwana au ya bibi? Tukiiandika kote kuwili, karani akisahihisha tarehe upande mmoja tu, tutabaki na kumbukumbu mbili zinazopingana. Tukiweka rejeo, tumerudisha uhusiano kwa mlango wa nyuma.

Tatizo hili ni la zamani. Mfumo wa IMS wa kampuni ya IBM, wa miaka ya 1960, nao ulikuwa mti. Mwaka 1970 E. F. Codd, mtafiti wa IBM hiyo hiyo, alipendekeza mfumo wa uhusiano uliojengwa juu ya mantiki na hisabati ya seti. Humo kila ukweli waweza kuandikwa mara moja na kuulizwa kutoka upande wowote. Mantiki haizeeki kwa sababu sokoni kuna bidhaa mpya.

Kwa haki, XML ina mahali pake. Imetokana na SGML, kiwango cha mwaka 1986 kilichokusudiwa nyaraka. Na katika kitabu au homilia, mpangilio wa sura na aya ni sehemu ya ujumbe. Daftari la ubatizo ni jambo jingine. Kanuni ya 535 inataka lionyeshe pia kipaimara na ndoa, na kosa humo laweza kumkwamisha mwamini siku anapotaka kufunga ndoa.

Basi parokia inayonunua programu kwa sadaka za waamini imwulize muuzaji: kila ukweli unaandikwa mara ngapi, na nani anahakikisha haupingani na mwingine? Akijibu kwamba data inajieleza yenyewe, tusifungue mkoba.