Valvu Kubwa za Nini?

Kwenye kipindi kilichopita nilitaja kwamba kobe ya Baba, Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, imefunguliwa injini mara ya pili. Wengi mkauliza kulikoni. Kusema kweli kosa ni langu, na kwa meseji ninazopata, naona kuna wenzangu mnaelekea kulifanya.

Injini ni ile ya 1600 inayopozwa kwa hewa. Haina maji wala rejeta. Joto linaondolewa na feni, mapezi ya silinda na oili. Kutoka kiwandani valvu ya kuingiza hewa ina kipenyo cha milimita 35.5, ya ekzosi 32. Mimi nikanunua silinda hedi zenye 44 kwa 37.5. Baba alikuwa amekaa gereji na kikombe chake cha chai. Akaniambia, "Mwanangu, injini yenyewe ndogo. Mdomo wote huo wa nini?" Nikamjibu kwa Kiingereza, kama tunavyofanya tukitaka kuonekana tunajua.

Hesabu ilikuwa upande wake. Kutoka 35.5 hadi 44 ni milimita 8 na nusu tu, lakini eneo la valvu linaongezeka kwa zaidi ya nusu. Pistoni ni zile zile, zinavuta hewa ile ile, sasa kupitia njia pana zaidi. Basi hewa inakwenda polepole, petroli haichanganyiki vizuri, na kwenye mizunguko ya chini, ambako wengi wetu tunaendesha, gari linakuwa zito. Huko juu nako kamshafti ya kiwandani na kabureta moja havikuweza kuilisha. Yaani nililipa pesa nyingi, kobe ikawa nzito kuondoka kwenye taa kuliko zamani.

Hilo ningevumilia. Joto ndilo lililonikomesha. Kati ya siti mbili za valvu, na kuelekea tundu la plagi, aluminiamu ni kidogo tangu mwanzo. Kila ukiongeza ukubwa wa valvu, ukuta huo unazidi kuwa mwembamba, na kwenye injini isiyo na maji hapo ndipo moto ulipo. Kiangazi cha pili, tukipanda mlima Wales, silinda ya tatu ikaacha kufanya kazi. Tulipofungua tukakuta ufa kutoka siti hadi tundu la plagi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika hedi.

Wenye magari ya mashindano watanipinga, na wana haki yao. Ukiwa na injini ya cc 2,000 na zaidi, kabureta mbili na kamshafti kali, 44 ina kazi yake. Lakini kumbukeni, mwaka 1962 VW 1200, injini ya cc 1,192, ilishinda East African Safari. Barabara zile zilitaka gari la kufika.

Msimamo wangu ni huu. Kama una 1600 na kabureta moja, baki na valvu za kiwandani, sagisha siti vizuri, pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.15. Kama umepanua hadi 1776 na kufunga kabureta mbili, 40 kwa 35.5 zinatosha kabisa kwa gari la barabarani.

Sisi tumerudi kwenye 35.5 kwa 32. Jumamosi Baba alinikabidhi fila geji, maana mikono yake inatetemeka siku hizi. Akawa ananielekeza, nami nikawa najibu kwa Kiswahili: "Ndiyo, Baba. Imebana kidogo. Hapo je?" Miaka miwili nyuma ningeweza kumuuliza vivyo hivyo, bado akiwa na nguvu za kunionyesha mwenyewe.

Kwa hiyo mkitaka kuniuliza valvu gani mnunue, nitaanza mimi kuuliza: injini cc ngapi, kabureta ngapi, kamshafti gani, na unaendesha wapi?