Mnacheka Tangazo la Ambi?



Wiki hii kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp zinazunguka picha za matangazo ya zamani. Kuna ile ya sabuni ya Pears ya Uingereza, ya miaka ya 1880: mtoto mweupe anamwogesha mtoto mweusi, na akitoka majini mwili umekuwa mweupe, uso tu ndio umebaki mweusi. Kuna na zile za krimu ya Ambi, za magazeti ya Afrika Mashariki miaka ya 1960 na 1970. Watu wamevaa vizuri, wanatabasamu, ngozi imeng'aa, na ujumbe ni kwamba aliyefanikiwa ana rangi hiyo. Chini ya picha mnaandika, "Hahaha, kumbe wazazi wetu walidanganywa hivi!"

Mpendwa, unacheka nini?

Fungua simu hiyo hiyo uone losheni unazouziwa. Wamebadilisha neno tu. Hawasemi tena "uwe mweupe." Wanasema "kung'arisha," "kusawazisha rangi," "kuondoa madoa." Na sasa kuna hadi sindano! Shetani hana haja ya kutunga uongo mpya kama ule wa zamani bado unanunuliwa.

Na watu waliumia. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 wa figo, watu wazima waliovimba mwili kwa sababu figo zilikuwa zinavujisha protini. 32 kati yao walikuwa wamepaka krimu za kujichubua, za aina iliyokuwa na zebaki. Zebaki! Sumu ilipita kwenye ngozi ikaenda kukaa kwenye figo. Mwaka 1998 Shirika la Viwango, KEBS, lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Lakini marufuku haiingii moyoni mwa mtu.

Sasa msinielewe vibaya, simpigi mawe binti anayejichubua. Dar es Salaam mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na krimu hizo, na matokeo yake vijana wa kiume wakawavamia wanawake pale Kariakoo. Aliyepigwa ni mnunuzi. Mwenye kiwanda alikuwa amelala kwake.

Mimi nasema na wewe kaka unayefunga na kuomba upate mke mwema, halafu unaongeza, "lakini Bwana, awe rangi ya thao." Wewe ndiwe tangazo. Nasema na wewe mama unayemsifu mtoto mmoja kwa weupe mbele ya ndugu yake mweusi. Na nyinyi mnaotengeneza mabango ya semina, mbona dada anayewekwa mbele ni yule mweupe kila mara? Hata picha yenyewe mnaing'arisha kwa simu mpaka mhubiri wa Kakamega anafanana na mtu wa ng'ambo!

Soma Hesabu 12. Miriamu na Haruni walimsema Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi. Sura haisemi wazi kama tatizo lao lilikuwa rangi, nakubali. Lakini angalia pigo lilivyokuja. Miriamu ndiye aliyegeuka mweupe kama theluji, kwa ukoma, akatolewa nje ya kambi siku saba. Mke Mkushi hakuguswa, wala hakuna mahali Mungu alimwambia abadilike.

Kwa hivyo leo jioni geuza kijikopo chako usome nyuma. Ukiona zebaki au haidrokwinoni, au usione maandishi yoyote, acha kukipaka, na usimpe mdogo wako. Kama umekipaka muda mrefu na uso au miguu inavimba, nenda hospitali upimwe mkojo, na umwambie daktari ukweli wa ulichopaka. Usimfiche. Maombi tutafanya, lakini hospitali uende kwanza.