TAARIFA YA TAWI KUHUSU UJUMBE WA "WABARA WAENDE KWAO"



Tangu Jumatatu kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu yetu: "Wabara waende kwao." Baadhi ya waliousambaza ni viongozi wa tawi hili. Tawi halimo katika maneno hayo.

Wa rika langu hapa Likoni tunakumbuka Agosti 1997. Kituo cha polisi kilivamiwa, vikaratasi vikasambazwa kuwataka wabara waondoke, vibanda vikachomwa. Watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu wakahama. Mimi ni mtu wa hesabu, nauliza faida. Nitajieni ploti moja iliyorudi kwa mwenyewe kwa sababu ya fujo zile.

Dai la ardhi ni halali na chama kitalibeba. Lakini dai lina nambari ya ploti, lina jina la aliyetoa hatimiliki na mwaka aliotoa. Mama anayeuza mboga pale feri hakumpa mtu hatimiliki, awe ametoka Machakos au Kisumu.

Wanaosema "mimi nimefowadi tu" wasome kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Kusambaza kumetajwa humo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na maneno hayo NCIC iliyaorodhesha 2022, pamoja na "madoadoa" na "kwekwe".

Orodha ya NCIC peke yake haitoshi, tuseme ukweli. Mkubwa hukamatwa Ijumaa, Jumatatu yuko nje kwa dhamana na umati unamshangilia. Wakati mwingine kesi ndiyo inayompa umaarufu. Anachokiogopa mwanasiasa ni kukosa tiketi, na tiketi huanzia kwetu matawini. Katiba, Ibara ya 91, inakataza chama kueneza chuki ya kikabila, kidini au kimaeneo. Chama ni sisi, si makao makuu Nairobi peke yao.

Kwa hiyo, kuanzia leo admini wa kila grupu afute ujumbe huo na amwondoe atakayeurudia. Jina lake lifike kwangu pamoja na skrinishoti. Kwenye kikao cha Jumamosi nitapendekeza asipitishwe kuwania nafasi yoyote ya tawi. Wenye madai ya ardhi waje na nakala za karatasi zao, tutaanza nao.

Katibu wa Tawi